Mikono Iliyokufa Ganzi Njia ya Sori

Migori
Jumamosi, Septemba 1996

Nyara, binti yangu Adhiambo,

Salamu za kujaza ukurasa sikuandikii. Chai ya asubuhi tumekunywa meza moja na nimekuona uko mzima. Sasa wewe na mama yako mko kanisani, watu wanakuombea safari ya kesho, na mimi nimebaki hapa nyumbani na pikipiki yako, spana mbili na hii kalamu. Mama yako alijua nitabaki. Aliniambia akijifunga kitambaa, "Leo uandike, Baba Adhiambo. Kesho akishawasha hiyo kitu hatasikia mtu."

Kwa hivyo naandika. Mambo ya kuchemsha maji, ya kulala ndani ya neti, ya watu wa kuazima sufuria wasirudishe, hayo mama yako amekuambia na atakuambia tena kesho ukiwa umeshapanda. Na wewe ni nesi, unayajua kutushinda. Mimi niko na mambo mawili tu. La kwanza ni kiti na usukani wa hiyo pikipiki, vile nimevitengeneza na kwa nini. La pili ni mkono wa mama yako uliovunjika. Utaona yameshikana, ukivuta moja lingine linakuja.

Hadithi ya huo mkono, ile unaijua tangu ulikuwa na miaka kumi, si ya kweli. Ni mimi niliitunga. Kesho unapita pale pale ilipotokea ukienda kazini Kisegi, na mimi nataka unibebe nyuma mpaka hapo, kwa sababu kuna mtu anafaa kusikia ukweli kutoka kwa mdomo wangu. Ukimaliza kusoma utaamua kama utanibeba ama utaniacha mlangoni. Yote mawili nitayapokea.

Acha nianze na kiti, kwa sababu hapo sina wasiwasi.

Watu wa mradi wa chanjo wamekupatia pikipiki nzuri, lakini mtu aliyeitengeneza hakukujua. Wewe ni mfupi, umemfuata nyanya yako, na kule nyuma utabeba sanduku la chanjo. Hicho kiti kilikuwa kimeinama mbele kidogo. Mtu anakiangalia anasema ni sawa. Lakini ukikaa, kila shimo linakusukuma mbele kwa tangi, na wewe kujizuia unatumia mikono. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Kiti kibaya hakiumizi matako peke yake. Kinapanda mpaka kwa kiganja. Mtu analalamika mikono, anabadilisha mpira wa kushikia, ananunua glovu, na kosa liko chini anapokalia.

Nilivua kifuniko nikainua ile sponji mbele mpaka kiti kikalala sawa. Chini nimeweka sponji ngumu, niliitoa kwa kiti cha gari bovu pale kwa fundi. Juu nimeweka laini, unene wa kidole gumba tu. Usikubali mtu akuambie uongeze. Watu wanapenda sponji ya godoro, nene kama mkate. Ukiikalia dukani unasikia uko kwa sofa ya chifu. Ukimaliza saa moja njiani imelala chini kabisa na wewe umekalia chuma. Kaa juu ya benchi ya mbao siku moja usikilize: kuna mifupa miwili hapo chini. Hiyo ndiyo inafaa kukubeba. Sponji ngumu inaishika. Laini inaiacha izame na uzito unaenda pahali hapafai.

Kifuniko ameshona mama yako. Alishona kidogo kidogo, siku nne, na ule mkono. Usiniulize kama nilimwomba. Alinikuta nikipima kitambaa akaninyang'anya. "Wewe unajua ng'ombe," akasema, "sindano hii haina ng'ombe." Mishono ameiweka pembeni yote, katikati hakuna hata mmoja, kwa sababu mshono unaona ni kitu kidogo lakini ukiukalia kutoka Migori mpaka ziwani unakuwa kama kamba.

Juu yake nimefunga ngozi ya kondoo. Usicheke. Manyoya yanaacha hewa ipite, hautokwi na jasho, na ngozi inateleza kidogo na wewe badala ya kukusugua. Ikinyesha itoe uiweke ndani ya mfuko wa plastiki. Kukalia kondoo imelowa ni kukalia beseni.

Usukani nao nimelegeza zile bolti nne nikauzungusha nyuma uje kwako. Kesho ukipanda, funga macho, nyosha mikono bila kufikiria, utaukuta uko hapo. Mabega yako yawe yameanguka, kama mtu amebeba ndoo mbili. Breki na klachi nimeziinamisha chini kidogo, ili kidole, kiganja na mkono viwe mstari mmoja. Ukiona kiganja kimejikunja juu ama chini, kitu kimesogea, chukua spana. Mpira wa kushikia nimeuzungushia utepe wa tyubu ya baisikeli, mara moja tu, vidole vyako ni vifupi. Na ukitikisa usukani utasikia uko na uzito pale mwisho. Ni risasi, zile ambazo wavuvi wa Sori wanafunga kwa nyavu zizame. Nimezijaza ndani ya bomba pande zote mbili nikaziba na mti. Mtetemo wa injini ukifika hapo unachoka, haufiki kwa mkono wako ukiwa mzima.

Haya yote nilifundishwa na mtu ambaye nilimcheka kwanza.

Unamkumbuka Chacha, yule Mkuria mrefu alikuwa anakuletea miwa. Alikuwa anauza dawa ya kuogesha ng'ombe, na mimi wakati huo ni mtu wa idara ya mifugo, nimepewa pikipiki ya serikali, kila mtu ananiita daktari na sijawahi kuona hata mlango wa chuo kikuu. Tulikuwa tunakutana kwa josho, siku za kuogesha. Pikipiki yake ilikuwa kuukuu, ina ngozi ya kondoo juu ya kiti na usukani umeinuka kama pembe. Yangu nilikuwa nimeipamba. Kulikuwa na kalenda katika duka moja Homa Bay, picha ya wazungu wanashindana na pikipiki wamelala mbele kama panzi, na mimi nikataka kukaa hivyo. Nikashusha usukani mpaka chini, nikaupeleka mbele. Kiti nikaweka sponji ya godoro, mbele nikaipunguza ili nilale vizuri. Hakuna mtu alinilazimisha. Nilitumia mshahara wangu kujiharibia.

Siku hiyo kwa josho vijana wa ofisi walikuwa wengi, na mimi nikataka kuwachekesha.

"Chacha," nikamwita, "unauza dawa ama unaenda kuoa? Naona umebeba mpaka kondoo ya mahari."

"Hii kondoo imelala," akasema, "na mimi nimekaa. Wewe daktari ndio umesimama juu ya mifupa yako kama korongo."

Wakacheka. Akazunguka pikipiki yangu polepole, akagusa usukani. "Nani alikushushia hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Mikono inalala?"

"Inalala kidogo. Si ni kazi."

"Mkono ikilala ukiwa kitandani ni sawa. Ikilala ukiwa barabarani, nani anaendesha?"

Watu walicheka tena na mimi nikacheka nao. Sasa nakuambia hii ili ujue: niliambiwa. Nisije nikasema sikujua. Niliambiwa mbele ya watu, mwezi mmoja kabla.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka Muhuru asubuhi, nimechanja ng'ombe, nimerudi Migori, nikamchukua mama yako twende matanga upande wa Sori, kwa ndugu ya mama yake. Wewe tulikuacha kwa nyanya. Barabara ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ilikuwa imekauka, ile ya kutingisha meno. Tulipofika nusu ya njia mikono yangu ilikuwa imeanza. Kwanza inawasha kama siafu, halafu kidole kidogo kinapotea, halafu kile cha karibu yake. Baadaye inakuwa raha, na hiyo raha ndiyo mbaya. Haiumi tena. Unasema, afadhali imeacha.

Mama yako alinigonga mgongoni. "Baba Adhiambo, tusimame kidogo. Mkono wako unatikisika."

"Tumekaribia."

Baadaye tena. "Simama nikanyooshe mgongo, hata kama wewe ni chuma."

"Tumekaribia, mama. Maiti inatungoja."

"Maiti haina haraka," akasema.

Nilikataa kusimama kwa sababu kulikuwa na watu wanatembea kando ya barabara kwenda hiyo hiyo matanga, na sikutaka wanione nimekaa chini nikijikanda vidole kama mama mzee. Hiyo tu. Nimetafuta sababu kubwa kuliko hiyo, sijaipata.

Mahali mteremko unaanza na ziwa linaonekana, kuna kona, na murram pale imelegea. Nilitaka kupunguza. Nilivuta breki ya mbele. Sikuisikia. Mkono wangu haukuniambia kama nimevuta kidogo ama nimevuta yote, nikaongeza, na nilikuwa nimevuta yote. Gurudumu la mbele likasimama, sisi tukaendelea. Mimi nilichubuka magoti. Mama yako alianguka na kiwiko chini ya uzito wake, na pikipiki juu.

Watu walikuja mbio. Mtu wa kwanza kufika akaniuliza, "Daktari, nini imetokea?"

Niliinua kichwa. Kando ya barabara, upande wa shamba, kulikuwa na ng'ombe tisa wanakula nyasi. Hawakuwa wamesonga. Nikasema, "Ng'ombe."

Neno moja, Adhiambo. Sikusema zimevuka, sikusema ya nani. Hayo mengine watu walijaza wenyewe, na mimi nikawaacha wajaze. Nilipotoka kumpeleka mama yako hospitali hadithi ilikuwa imekamilika, iko mpaka na rangi ya ng'ombe iliyoruka, na kila mtu aliyenisalimia alikuwa ananiambia mimi ilivyokuwa.

Ng'ombe walikuwa wa Mama Ouma. Mjane, mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Jumapili ya pili alikuja hapa nyumbani na shemeji yake Okelo, wanavuta mbuzi. Wewe ulikuwepo, ulikimbia kuangalia mbuzi. Mama yako alikuwa kwa kiti pale dirishani, mkono uko ndani ya plasta. Okelo ndiye alianza kuongea.

"Daktari, tumekuja na aibu. Huyu mke wa ndugu yangu ameshindwa na ng'ombe. Mtuwie radhi."

Mama Ouma alikuwa ameangalia chini. Halafu akasema polepole, sauti ya mtu anayetafuta kosa lake mwenyewe na halioni. "Nilikuwa hapo na jembe. Sikuona ng'ombe yangu ikiingia barabarani. Lakini wewe ni daktari wao, unawajua mmoja mmoja. Kama umesema walivuka, basi macho yangu ndiyo yalilala."

Alinipatia mlango hapo. Ulikuwa wazi kabisa. Mama yako aliniangalia, Okelo akaniangalia.

Nikasema, "Mambo ya barabara ni ya Mungu, mama. Tumesamehe."

Nilimsamehe. Mtu ambaye hakunikosea, nilimsamehe mbele ya watu na nikachukua mbuzi yake. Tuliichinja jioni hiyo. Wewe ulipewa maini, ukasema ni tamu.

Kama ingeishia kwa mbuzi, pengine ningenyamaza mpaka nife. Haikuishia hapo. Okelo alipata alichokuwa anatafuta tangu ndugu yake azikwe. Akaita wazee akawaambia mwanamke ambaye ng'ombe wake wanaangusha mtu wa serikali hawezi kuachiwa boma. Wale ng'ombe tisa wakahama wakaingia kwake. Mama Ouma akaachiwa maziwa ya mmoja, na hayo anaenda kuomba asubuhi na kikombe. Kila mwaka nilienda kuchanja pale kwa Okelo. Ananiletea kiti, ananiita ndugu yangu. Na mama yule anasimama nje ya uzio akiangalia ng'ombe wake wakichomwa sindano, na ananiita kwa sauti, "Daktari, yule mwenye baka jeupe mguu wake umepona?" Na mimi namjibu, "Umepona, mama."

Halafu ikafika kwako. Ulipoingia sekondari walimu walikuweka dawati moja na Awuor, msichana wa Mama Ouma. Ukakataa. Mwalimu akatuandikia, na ulipokuja likizo mama yako akakuuliza. Ulisimama pale karibu na kabati ukasema, "Mama yake alimvunja mama yangu mkono. Sikai na yeye." Nilikuwa hapo napaka viatu rangi. Nikakuambia usikosane na walimu. Hiyo ndiyo yote nilikuambia. Ulimaliza miaka minne hujamsalimia Awuor, na ulikuwa unaniangalia kama mtu anayenipigania. Ulikuwa unapigania uongo wangu. Hiyo chuki si yako, ni mimi nilikupandia, na kati ya vitu vyote nimekupatia ndiyo ulitunza vizuri zaidi.

Sasa Chacha. Miezi mitatu baada ya ajali nilipeleka pikipiki kwake Kehancha, kimya kimya, siku ya soko ili nisionekane. Hakusema, "Si nilikuambia?" Alitoa ile sponji ya godoro akaitupa kwa kuku. Akainua usukani, akanifundisha yale yote nimekuandikia hapo juu, kasoro tu ya risasi, hiyo nilikuja kugundua mimi mwenyewe kwa wavuvi. Tulifanya kazi mpaka mchana. Alipokuwa anakaza bolti ya mwisho akaniuliza bila kuinua macho, "Hiyo ng'ombe ilikuwa rangi gani?"

Sikuwa na rangi. Watu wote wa Sori walikuwa na rangi isipokuwa mimi.

Chacha akaendelea kukaza. "Sawa," akasema. "Panda tuone kama mikono inafika."

Tangu siku hiyo mikono yangu haijalala tena, na nimezunguka wilaya hizi mbili, Migori mpaka Kendu Bay, miaka kumi na zaidi. Kwa hivyo ninachokuambia kuhusu kukaa na kushika, kifuate kama maagizo ya daktari, hata kama ni daktari wa ng'ombe. Shika usukani kama umeshika kifaranga, kisitoroke na kisife. Magoti ndiyo yabane tangi, yana nguvu na hayana kazi nyingine. Ukiona shimo usilikalie, simama kidogo kwa miguu, acha pikipiki icheze chini yako. Kila ukivuka mto, simamisha, shuka, tembea hatua ishirini, kunja vidole na ukunjue. Kutoka hapa mpaka Kisegi mito inatosha. Na ukisikia kidole kidogo kimeanza kuwa kama cha mtu mwingine, simama hapo hapo, hata kama umebakisha nyumba moja, hata kama akina mama wamepanga laini na watoto wanangoja chanjo. Kuumwa si shida. Mahali panapouma panakuambia kitu. Ogopa pale panaponyamaza.

Mama yako nilimwambia wiki tatu zilizopita, siku ile barua ya mradi ilifika ikasema utapewa pikipiki na utaenda Kisegi. Niliona njia utakayopita na nikakosa kula. Nikamfuata jikoni, nikamwambia ile siku hakukuwa na ng'ombe barabarani, ilikuwa mikono yangu.

Aliendelea kuchambua mboga. "Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Na kichwa chako si kikubwa hivyo. Nilikuwa naona barabara yote."

Nilikaa chini kwa kile kigoda chake.

"Uliona na ulinyamaza?"

"Nilidhani utasema mwaka huo. Halafu nikadhani mwaka unaofuata. Halafu mimi pia nikaona aibu, kwa sababu nimenyamaza muda mrefu kama wewe." Akaweka kisu chini. "Lile gauni nashona kila Disemba, ulidhani naenda kuuza Sori?"

"Si ulisema unauza."

"Nampelekea Mama Ouma. Anapika chai tunakunywa. Ananiuliza mkono unaendeleaje, anaomba msamaha tena, kila mwaka, na mimi namwambia aache. Gauni ningeweza kumpelekea. Ukweli si wangu kupeleka, ni wako."

Ndiyo hiyo nyumba ulikulia, Adhiambo. Watu wawili wanaokupenda, kila mmoja amekalia kitu kile kile na hamwambii mwenzake. Nilimwomba radhi ya mkono. Akaniambia ya mkono alinisamehe kitambo, hiyo ni yake na anaweza kuimaliza peke yake. Ya ng'ombe hawezi kunimalizia.

Kwa hivyo wiki jana nilifanya kitu ambacho siwezi kurudisha. Nilituma ujumbe kwa Okelo na wazee wale wale waliokaa wakati ule, kwamba kesho mchana nataka tukutane kwa Mama Ouma, kwake, si kwa Okelo. Sikusema ni ya nini. Okelo pengine anadhani nakuja kuchanja. Nitasimama niwaambie hakuna ng'ombe iliyovuka, kwamba mwanamke aliona sawa na macho yake na mimi ndiye nilisema uongo. Baada ya hapo waangalie wenyewe boma lilihamishwa kwa sababu gani. Okelo atanitukana. Ofisini watasikia, na miaka yangu ya kustaafu iko karibu. Watu wa Sori watanipa jina, nao kwa majina wanajua. Hayo nimeyapima na sioni ni makubwa. Kuna moja tu linanitetemesha, nalo ni kukuona ukisoma ukurasa huu.

Najua unaweza kusema, mbona usingeenda peke yako zamani, mbona umengoja mpaka siku yangu ya kazi. Ni kweli. Ningeenda peke yangu na ningerudi, na wewe ungesikia kwa watu, na ungenitetea tena. Nataka usikie nikisema mwenyewe, ili usibaki na kitu cha kutetea.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nje karibu na pikipiki, nimevaa koti na helmeti yangu ya zamani. Sitasema kitu. Ukiniambia panda, nitapanda. Shoki ya nyuma, ile springi, nimeikaza kwa sababu ya uzito wangu, na sanduku la chanjo nitalishika kwa magoti. Njiani wewe ndiye dereva. Ukitaka kusimama, simama, sitakuambia tumekaribia. Ukiwasha uende bila mimi, sitakulaumu, nitapanda gari la watu wa soko na bado nitafika mchana huo. Ila ulegeze shoki kwanza, spana iko chini ya kiti, la sivyo itakurusha ukiwa peke yako.

Ukikubali kunibeba, kuna ombi moja. Nyumba ya Mama Ouma iko baada ya ile kona, mkono wa kulia, mlango wa bluu. Watu watakuwa wamekaa nje. Simamisha mbali kidogo, uzime, uniache nishuke kwanza nitangulie. Mimi ndiye nitaongea. Kama unataka kumsalimia yeye ama Awuor, hiyo ni yako, sikuagizi. Nikimaliza, hata kama wanapiga kelele, usiningoje wala usinisaidie kujibu. Washa uende Kisegi, watoto wanakungoja huko. Mimi nitabaki na hao watu mpaka wamalize na mimi.

Ni mimi baba yako,
Daktari wa ng'ombe